Alitiwa hatiani Oktoba, akachaguliwa Novemba kwa 79%: Detroit waliona nini kwa Charles Diggs?

#1 Mchota Maji
Wakuu, habari za jioni. Swali hili limenikaa kichwani wiki nzima, naona nilitue hapa.

Charles Coles Diggs Jr., mbunge wa Detroit, Michigan. Tarehe 7 Oktoba 1978 mahakama ya shirikisho ilimtia hatiani kwa makosa 29 ya kuchezea mishahara ya wafanyakazi wa ofisi yake ya ubunge. Tarehe 7 Novemba 1978, mwezi mmoja kamili, wananchi wake wakapanga foleni na kumrudisha bungeni kwa asilimia 79 hivi. Hukumu ya kifungo cha miaka 3 ikasomwa baadaye mwezi huohuo.

Huyu si mtu wa hivihivi. Ndiye mwenyekiti wa kwanza wa umoja wa wabunge Weusi wa Marekani, na aliongoza kamati ndogo ya Afrika kwa miaka mingi. Ndiyo maana siridhiki na jibu la "watu hawajali". Walijua. Magazeti yaliandika, redio zilitangaza. Wapiga kura wa Detroit walikuwa wanafikiri nini siku ile?

#2 Kitasa
Mwizi wetu ni wetu. Uzi ufungwe, hahaha.

#3 Pwagu wa Tatu
Mbunge wa kwanza mweusi Marekani, watu wangemwachaje? Hata mimi ningempa.

#4 Fundi Saa
Pwagu, punguza mwendo. Hakuwa wa kwanza Marekani, alikuwa wa kwanza mweusi kutoka Michigan. Weusi walikuwa bungeni tangu 1870, baada ya vita vya wenyewe kwa wenyewe. Karne ya 20 Chicago ilimpeleka Oscar De Priest mwaka 1929. Diggs alipoapishwa Januari 1955 aliwakuta Weusi wawili tu, William Dawson wa Chicago na Adam Clayton Powell wa Harlem, New York. Wakawa watatu kati ya wabunge 435.

Na kwa kuwa mleta mada amepita juu juu kwenye kosa lenyewe: alikuwa anampandishia mfanyakazi mshahara, halafu ile nyongeza inarudi kulipa madeni ya mheshimiwa. Bili za ofisi, bili za nyumbani. Wengine walikuwa kwenye orodha ya mishahara ya Bunge ilhali kazi yao hasa ilikuwa kwenye kampuni yake ya mazishi. Fedha iliyozunguka ilizidi dola 60,000. Alishtakiwa kwa makosa 35, akapatikana na hatia kwa 29.

#5 Pwagu wa Tatu
Nimesahihishwa. Ila kura yangu pale pale.

#6 Mama Wawili
Hapo kwenye kampuni ya mazishi ndipo penye jibu, na mmepita kama hamjaona.

Mimi niko Michigan mwaka wa kumi na moja sasa, Grand Rapids, Detroit naenda kwa shughuli. Wazee wa kule ukiwatajia Diggs hawaanzi na Bunge. Wanaanza na House of Diggs, nyumba ya mazishi ya baba yake. Ilikuwa inatajwa kuwa kubwa kuliko zote Michigan. Enzi hizo mweusi akifa hakuzikwa na mzungu, alizikwa na mweusi mwenzake. Sasa fikirini familia moja inayozika mji mzima, miaka nenda miaka rudi. Anajua kila kanisa, kila ukoo, nani alikufa lini na nani alishindwa kulipa jeneza. Na mwenyewe Jr. alisomea kazi hiyo chuo cha Wayne baada ya vita, hakuwa mtoto wa tajiri wa kukaa ofisini.

Aliyekuzikia mama yako utamnyima kura kwa sababu ya karatasi za mishahara?

#7 Kitasa
Mama Wawili umenimaliza. Naondoa "mwizi wetu", naweka "mzishi wetu".

#8 Mjukuu wa Kibarua
Naunga mkono #6 kwa mfano wa nyumbani. Mbunge wetu mmoja (jina na jimbo naweka kapuni) shughuli za maendeleo alikuwa hoi. Barabara hakuna, zahanati haina dawa. Lakini msiba ukitokea, gari la kubeba maiti linafika kabla ya mchungaji. Sanda, mbao, mchele gunia. Alikaa vipindi vitatu. Alipokuja mpinzani na takwimu zake za maji, mama yangu akamjibu, "Mwanangu, maji nitachota mtoni. Maiti nitaipeleka wapi?"

Sisemi ni sahihi. Nasema nimeiona.

#9 Wakili Msomi Kiasi
Maelezo ya misiba ni matamu lakini mnasahau kalenda.

Kule kuna kura za maoni za chama, na kwenye maeneo kama yale ya Detroit kura za maoni ndizo uchaguzi. Ukishapita Democratic, Novemba ni sherehe tu, Republican anasindikiza. Mwaka ule kura za maoni zilikuwa Agosti. Agosti Diggs alikuwa ameshtakiwa (tangu Machi) lakini hajatiwa hatiani. Hukumu ya hatia ilipotoka Oktoba, jina lake lilishakuwa kwenye karatasi ya kura na mbadala pekee wa maana ni Republican. Ile 79% si "tunampenda", ni "hatuwezi kumpa Republican kiti".

Na kisheria hakuna kizuizi. Katiba yao inataka miaka 25, uraia wa miaka 7 na uwe mkazi wa jimbo (state kama Michigan). Basi. Kwetu Tanzania, Ibara ya 67 ya Katiba ingemkata.

#10 Mchota Maji
Wakili, hili la Agosti sikulijua, ahsante. Lakini Agosti yenyewe walijua ana mashtaka 35 na bado wakampitisha. Umesogeza swali nyuma miezi mitatu, hujalijibu.

#11 Wakili Msomi Kiasi
Mashtaka si hatia, mkuu. Ndiyo maana naitwa msomi kiasi, si kamili.

#12 Bakari Ndefu
Nyote mnazunguka. Nendeni Mississippi, 1955.

Emmett Till, kijana wa miaka 14 kutoka Chicago, aliuawa huko mwezi Agosti. Kesi ikaanza Septemba mji wa Sumner. Diggs ana miaka 32, ubunge una miezi tisa. Akafunga safari kwenda kuisikiliza. Mweusi kwenda Mississippi kwa hiari yake wakati ule kuwatazama usoni wale waliomuua mtoto mweusi! Mlangoni askari wa pale hawakuamini kwamba kuna mtu mweusi anayeitwa mbunge. Akakalishwa kwenye meza ndogo ya kukunja pamoja na waandishi Weusi, pembeni kabisa. Baraza la wazee wa mahakama, wazungu wanaume watupu, lilikaa saa moja na dakika chache likawaachia washtakiwa. Willie Reed, kijana aliyetoa ushahidi, ilibidi aondoke Mississippi kuokoa roho yake, na Diggs alikuwa miongoni mwa waliomsaidia kufika Chicago.

Na Detroit imejaa watu waliotoka Mississippi, Alabama na Georgia. Walipanda treni wakakimbilia viwanda vya magari. Mtu aliyerudi kule walikokimbia, akakaa chumba kile kwa niaba yao, utamwambia nini kuhusu bili ya umeme ya ofisi?

#13 Mama Wawili
Hapa nimekaa kimya. Endelea.

#14 Nahodha Mstaafu
Nami niongeze la kwetu. Marehemu baba alikuwa dereva Dar miaka ya sabini mwanzoni, kuna safari alizipeleka Kongwa kwa wapigania uhuru. Jina la Diggs sijawahi kulisikia kinywani mwake, nisidanganye. Lakini wakati baba anaendesha lile Bedford, Desemba 1971, Rais Nixon wa Marekani akafunga mkataba na Ureno juu ya kambi ya kijeshi ya visiwa vya Azores, na Ureno ikaahidiwa mikopo na misaada ya zaidi ya dola milioni 400. Ureno ileile iliyokuwa inapigana Msumbiji, Angola na Guinea-Bissau. Diggs wakati huo yuko kwenye ujumbe wa Marekani Umoja wa Mataifa. Akajiuzulu ujumbe ule hadharani kwa hasira.

Ni wangapi hapa wamewahi kuacha cheo kwa ajili ya Msumbiji?

#15 Kitasa
Nahodha, mimi nimeacha hata kazi kwa sababu ya foleni ya Mbagala. Msumbiji tutaongea.

#16 Fundi Saa
Nahodha yuko sahihi. Naongeza la Rhodesia (Zimbabwe ya leo), maana linaonyesha jamaa alivyokuwa king'ang'anizi. Umoja wa Mataifa uliiwekea vikwazo serikali ya Ian Smith. Mwaka 1971 Seneta Harry Byrd Jr. wa Virginia akapenyeza kifungu kilichoruhusu Marekani kununua madini ya kromi ya Rhodesia. Diggs alipinga bungeni, akashindwa. Akaenda mahakamani na wenzake dhidi ya serikali yake mwenyewe. Mahakama ya Rufaa ikasema mnayo haki ya kushtaki, lakini Bunge likiamua kwenda kinyume na mkataba, linaweza. Akashindwa tena. Kifungu kilifutwa Machi 1977 chini ya Rais Carter. Mwaka uliofuata yeye yuko kizimbani.

Na aliyekuwa msaidizi wake bungeni, Randall Robinson, ndiye aliyekuja kuongoza TransAfrica, ile taasisi iliyobana Marekani kuhusu Afrika Kusini.

#17 Njoki wa Githurai
Wadau wa huku Kenya tunasoma tu, lakini hapa lazima niulize. Hii hadithi ya Azores na kromi ni tamu kwetu Waafrika. Mama anayefunga boliti kwenye gari kiwandani Detroit aliijua? Nafikiri tunapiga kura kwa niaba yake na sababu zetu. Mbunge wetu huku akiongea Geneva hakuna anayemkumbuka, akileta basari anakumbukwa.

#18 Bakari Ndefu
Njoki, Detroit ile ilijua. Machi 1957 Diggs alikuwa Accra siku Ghana inapandisha bendera. Familia yao ilikuwa na kipindi cha redio, watu wakisikiliza nyimbo za injili na habari. Usiwadharau watu wa kiwandani.

#19 Njoki wa Githurai
Sijadharau. Nimeuliza. Kipindi cha redio cha kampuni ya mazishi si mambo ya nje, ni tangazo, na tunarudi kwa Mama Wawili.

#20 Mama Wawili
Ahsante dada. Nilikuwa nasubiri mzunguke mrudi.

#21 Mzalendo Halisi
Mbona hakuna anayesema wazi? Walimwinda. Mweusi anayepinga Ureno, Rhodesia na Afrika Kusini, anayemgomea Nixon. Januari 1971 wabunge Weusi walisusia hotuba ya Rais kwa sababu aliwakatalia kuonana nao, akalazimika kuwapokea Machi, wakampelekea madai 60 hivi. Mnadhani mambo hayo yalisahauliwa? FBI ilikuwa inafuatilia viongozi Weusi miaka yote, na si uzushi, Seneti yenyewe ilichunguza ikakuta. Pale Detroit polisi walikuwa na kikosi cha STRESS kilichoua vijana Weusi mpaka Coleman Young alipopata umeya 1974 akakivunja. Ukiwa umeishi hayo, serikali ikikuambia mbunge wako ni mwizi, unaamini?

#22 Wakili Msomi Kiasi
Mzalendo, tenganisha mambo mawili. Kwamba wapiga kura walikuwa na sababu ya kushuku, naafiki asilimia mia. Kwamba alisingiziwa, hapana. Mashahidi walikuwa wafanyakazi wake. Kesi ilisikilizwa Washington, na walioamua ni wakazi wa mji uleule ambao Diggs, akiwa mwenyekiti wa kamati ya Bunge ya Wilaya ya Columbia (ndiyo Washington yenyewe), aliusaidia kupata haki ya kuchagua meya na madiwani wake, sheria ya Desemba 1973. Hao nao walimwinda? Na 1979 yeye mwenyewe alikiri mbele ya Bunge kwamba alitumia vibaya fedha, akakubali kurudisha dola 40,031.66. Nimeipenda ile senti sitini na sita.

#23 Mzalendo Halisi
Mtu akibanwa anakiri chochote ili asifukuzwe. Wengine walifanya hayohayo na hawakuguswa.

#24 Pwagu wa Tatu
Kwani si alifukuzwa?

#25 Fundi Saa
Pwagu ndugu yangu. Hakufukuzwa. Mbunge mgeni kutoka Georgia, Newt Gingrich, ndiyo kwanza kaingia, alitaka afukuzwe. Bunge likachagua kumkaripia rasmi tarehe 31 Julai 1979, kura 414 kwa 0. Unasimama mbele ya spika unasomewa. Kabla yake karipio la namna hiyo lilikuwa halijatolewa tangu 1921. Akaendelea na kiti huku rufaa inaendelea, Mahakama Kuu ilipokataa kuisikiliza akajiuzulu Juni 1980 na kwenda gerezani Alabama, kambi ya Maxwell, akakaa miezi saba hivi.

Kijana aliyevaa sare za jeshi la anga pale Tuskegee, Alabama, wakati wa vita, akarudi Alabama hiyohiyo kama mfungwa.

#26 Mchota Maji
Fundi, hiyo ya Alabama umeichoma.

Ngoja nirudi kwenye swali kabla hatujazama. Tunayo ya misiba (#6), ya kalenda (#9), ya Mississippi (#12), ya kushuku serikali (#21). Njoki ametia mchanga ya Afrika. Kuna nyingine?

#27 Mzee Kobe
Ipo, na nashangaa wasomi hamjaigusa. Muulizeni baba yake.

Charles Diggs Sr. alikuwa seneta wa jimbo la Michigan tangu uchaguzi wa 1936, mweusi wa kwanza wa Democratic kwenye seneti ile. Mwaka 1944 akatiwa hatiani kwa rushwa, akafungwa. Akatoka. Mwaka 1950 akagombea tena kiti kilekile, na wananchi wakampa! Seneti ikakataa kumwapisha. Wakaitisha uchaguzi mdogo. Nani akasimama? Mwanawe. Wakampa kiti cha baba. Hivyo ndivyo Jr. alivyoingia siasa, 1951. Miaka mitatu baadaye akamng'oa George O'Brien ndani ya chama, mzungu mzoefu wa kiti kile, akaenda Washington.

Kwa hiyo 1978 Detroit haikufanya jambo jipya. Ilishafanya miaka 28 nyuma, kwa baba mtu. Ukinyang'anywa chaguo lako mara moja na watu usiowaamini, mara ya pili huhitaji hata kufikiri.

#28 Mchota Maji
Mzee Kobe, shikamoo. Hii sikuwa nayo kabisa.

#29 Mzee Kobe
Marahaba. Kobe hafiki mapema, ila anafika na mzigo.

#30 Wakili Msomi Kiasi
Nakubali ni kali. Lakini wapiga kura wa 1950 na wa 1978 si walewale. Black Bottom na Paradise Valley, mitaa ambayo House of Diggs ilikulia, ilibomolewa kupisha barabara kuu. Ikaja 1967, watu 43 wakafa kwenye ghasia. Wazungu wakahama, Weusi wengi wapya wakaja. Kijana wa 1978 hakumjua baba mtu. Nabaki na kalenda yangu.

#31 Mama Wawili
Kijana hakumjua, bibi yake alimjua. Na anayempeleka kijana kituoni ni bibi. Wakili, umeoa wewe?

#32 Kitasa
Uzi umegeuka.

#33 Mjukuu wa Kibarua
Niwape jambo la kuongeza kwenye mizani. Harlem. Powell, mwenzake Diggs, Bunge lilimkatalia kiti 1967 kwa tuhuma za fedha, Harlem ikamchagua tena kwenye uchaguzi mdogo mwaka uleule. Mahakama Kuu 1969 ikasema Bunge lilikosea, mtu mwenye sifa za kikatiba hawezi kuzuiwa kuapishwa. Sasa Harlem hapakuwa na House of Diggs. Nadharia ya jeneza itabidi ikae pembeni kidogo, ijapokuwa niliiunga mkono mwenyewe na mbunge wangu wa sanda.

#34 Mama Wawili
Powell alikuwa mchungaji wa Abyssinian Baptist. Wachungaji wanazika pia, mwanangu.

#35 Mjukuu wa Kibarua
Nimeshindwa.

#36 Njoki wa Githurai
Swali la pembeni: fedha zilienda wapi? Mbunge, kampuni kubwa, na bado anachukua nyongeza ya karani?

#37 Fundi Saa
Kampuni ilikuwa imeshaporomoka miaka ile. Mji unahama, madeni, na mheshimiwa aliwahi kuoa zaidi ya mara moja, mbili, tatu. Hesabu hizo mtazifanya wenyewe.

#38 Mzalendo Halisi
Ndiyo hivyo, mtu anapambana na Ureno huku anadaiwa kodi ya nyumba. Wenzake wenye makampuni ya mafuta nyuma yao hawahitaji nyongeza ya karani.

#39 Wakili Msomi Kiasi
Hapo umesema la maana kuliko yote uliyosema leo, japo halimtoi hatiani.

#40 Nahodha Mstaafu
Baada ya jela alifanya nini? Najua alifariki Agosti 1998.

#41 Mama Wawili
Alirudi kwenye fani. Alifungua nyumba ya mazishi Maryland, nje kidogo ya Washington. Kaburi lake liko upande wa Detroit, Detroit Memorial Park.

#42 Pwagu wa Tatu
Na kile kiti walimpa nani? Nisahihisheni mapema, leo nimechoka kukosea.

#43 Fundi Saa
George Crockett Jr., jaji mstaafu, aliingia Novemba 1980 akiwa na miaka 71.

Mleta mada kaa chini kwanza. Crockett naye alishafungwa jela. Mwaka 1949 alikuwa mmoja wa mawakili wa viongozi wa chama cha Kikomunisti kwenye kesi yao New York, jaji akawatia hatiani mawakili kwa kudharau mahakama, na 1952 akatumikia miezi minne gereza la shirikisho Kentucky.

#44 Kitasa
Hahahaha. Kwa hiyo wametoa mfungwa wameweka mfungwa.

#45 Wakili Msomi Kiasi
Kudharau mahakama ukimtetea mteja ni heshima. Msimchanganye na mambo ya mishahara.

#46 Mzalendo Halisi
Aliyemfunga Crockett na aliyemfunga Diggs ni serikali ileile. Mimi sina la kuongeza.

#47 Mchota Maji
Nimekuja na swali moja naondoka na mawili. Mzee Kobe, ile kesi ya baba ya 1944, rushwa ilikuwa ya nini hasa? Nakungoja, hata ukichukua mwendo wako.